Ng'ombe wa Mahari Niliowakata Katikati

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya wakwe. Wakwe ambao hata hawajawa wakwe bado! Ninavyoandika hapa, chai niliyonunua asubuhi imepoa mezani sijaigusa.

Naanzia mwanzo ili mnihukumu kwa haki.

Mnajua nataka kumuoa Minza. (Wasiojua, sasa mnajua.) Kwao ni Sola, kwetu ni Mwandoya, na mimi niko hapa Bariadi, ofisini, natunza kumbukumbu. Mahari yetu ni ng'ombe, na kwa kawaida wazee wa upande wa binti wanakuja wenyewe zizini kuwakagua. Wanashika masikio, wanaangalia kwato, aliyekonda anakataliwa palepale. Sasa baba yake Minza goti linamsumbua, na mvua zimeiharibu barabara. Akasema tutume picha kwanza. Wazee wakae, wazione, wakiridhika ndipo mengine yaendelee.

Ila akatoa sharti. Hataki picha mojamoja. Kumbe kwenye posa ya dada yake Minza kuna bwana alimpiga picha ng'ombe mmoja upande wa kushoto, akamzungusha, akampiga upande wa kulia, akamhesabu mara mbili! Tangu siku hiyo mzee hamwamini mtu yeyote mwenye simu. Anataka faili moja, kila ng'ombe na ukurasa wake na namba yake, na wote waangalie upande mmoja.

Nikasema, "Hilo tu? Mimi ndiyo kazi yangu hiyo." (Mdomo huu, siku moja nitaushona.)

Mdogo wangu Shija akapiga picha kule nyumbani. Wote vichwa kushoto, mikia kulia, isipokuwa dume moja jeusi lililokataa kabisa kugeuka, kichwa chake kikabaki kulia. Nikazipanga nikapata PDF safi. Nikaweka hata jalada: mimi na Minza tumesimama bega kwa bega siku ya Pasaka, mimi kushoto, yeye kulia, mkono wake begani kwangu. Bi Zuhura, tunayekaa naye ofisi moja, mtu wa Tanga, akachungulia akasema, "Kwetu watu hupeleka mkaja na kilemba. Nyie mnapeleka ripoti." Nikavimba kichwa kabisa.

Basi leo asubuhi wazee wamekaa Sola. Mshenga wetu, baba mdogo Masunga, yuko katikati yao, na simu yake ndiyo ya kuangalizia. Nikatuma faili. Nikakaa.

Simu ikaita. Baba mdogo.

"Ng'wanawane, mwanangu, hili faili lako linazunguka tu. Wazee wote wananiangalia mimi."

"Ni mtandao, baba mdogo. Subiri kidogo."

"Nimesubiri mpaka uji umeletwa na umeisha. Baba mkwe wako ameshaangalia saa. Na saa hana, ameangalia mkono mtupu."

Nikaanza kuogopa. Msinicheke, nina sababu. Kuna jamaa mmoja ana duka la pembejeo Maswa mjini, na shangazi yake Minza hamalizi mazungumzo bila kumtaja. Ana pikipiki, ana nyumba ya bati, ana kila kitu isipokuwa Minza. Kikao kikivunjika leo bila ng'ombe kuonekana, huyo jamaa kesho atakuwa pale sebuleni anakunywa uji wangu.

Nikaangalia faili. Zito kupita kiasi! Shija alipiga kwa simu mpya, ukivuta karibu unaona hadi kupe. Simu ya baba mdogo isingeweza kulibeba. Dawa ni kuligawa. Nikaingia kwenye tovuti moja ya bure ya kugawa PDF, jasho linanitiririka mpaka kwenye kibodi. Ikaniuliza: nigawe kwa kurasa, kwa ukubwa, au katikati?

Mimi nilitaka mawili, nusu kwa nusu. Nikabonyeza katikati.

Yakatoka mafaili mawili. Mepesi! Nikaona mambo si hayo! Sikufungua hata moja. (Mtunza kumbukumbu mzima, ninayewafokea wenzangu kila siku wahakiki nyaraka kabla ya kutuma.) Nikatuma la kwanza, likaganda njiani. Nikatuma la pili, hilo likapaa. Tiki mbili. Nikashusha pumzi, nikamwambia Bi Zuhura, "Umeona? Ukijua kazi unajua tu."

Simu ikaita. Mikono ilikuwa na jasho, nikaiweka simu mezani na spika nikaiwasha. Hapo kaunta wamesimama watu wanasubiri majalada yao.

"Ng'wanawane." Sauti ya baba mdogo imeshuka mpaka chini. "Umetuma nini?"

"Ng'ombe, baba mdogo."

"Ng'ombe gani hawa hawana vichwa?"

Nikafungua lile faili kwenye kompyuta. Mayu wane! Tovuti haikugawa faili. Ilikuwa imekata kila ukurasa katikati, kama mtu anayepasua papai. Nusu za kushoto zote faili la kwanza. Nusu za kulia zote faili la pili. Na lililofika Sola ni la pili. Ukurasa wa kwanza: Minza peke yake, anatabasamu, mkono mmoja umeishia hewani. Ukurasa unaofuata: mkia. Unaofuata: mkia. Hivyohivyo karibu mpaka mwisho!

Kabla sijasema neno, nikasikia simu inapokonywa.

"Wewe kijana." Baba mkwe mwenyewe.

"Mwangaluka, baba."

"Mhola." (Nashukuru aliitikia.) "Nimefungua hapa nikamuona mwanangu. Nikafurahi. Nikasogeza, makalio. Nikasogeza, makalio. Nikasema labda ni bahati mbaya, nikasogeza tena, makalio. Umeleta mahari au umetutukana?"

"Baba, samahani sana, ni kompyuta..."

"Kompyuta ndiyo inayooa?"

Pale kaunta mtu mmoja akakohoa. Si kikohozi cha ugonjwa.

"Kuna dume moja tu jeusi," mzee akaendelea, "ndilo lenye adabu humu. Limeonesha uso."

Nikataka ardhi inimeze na kiti changu. Nikasema, "Baba, vichwa vinakuja, viko njiani." Jamani, niliongea hivyo kwa mdomo wangu! Na kweli, wakati huohuo lile faili la kwanza likafika. Nikamsikia baba mdogo anasema, "Ngoja, kimeingia kingine."

Likafunguliwa. Jalada: mimi peke yangu, nimetabasamu kama zuzu, na begani kwangu kuna mkono wa mtu ambaye hayupo.

Hapo ndipo shangazi yake Minza alipopata nafasi aliyoisubiri mwaka mzima. "Mmeona? Hata mashine imewakataa! Imewatenganisha! Mkono umebaki kwa kijana, mwili umerudi nyumbani. Mnataka ishara gani tena?"

Wazee wakaguna. Ule mguno mnaoujua, unaotoka kifuani. Nikafikiria Minza yuko chumba cha pili, anasikia yote.

Wazee wengine wakaingia kwenye ugomvi wao. "Hiki kichwa cha namba tatu si cha huu mkia!" "Ni chake, angalia baka." "Baka lipi? Hiki kichwa ni cha ng'ombe mzee, mkia ni wa mtamba!" Mmoja akasema wazi kwamba huenda vichwa ni vya ng'ombe wetu na mikia ni ya jirani. Yaani mimi, niliyekuja na PDF kuthibitisha kwamba sisi si matapeli, sasa nashukiwa kuunga ng'ombe vipande!

Bi Zuhura alikuwa amelaza kichwa mezani, mabega yanaruka. Nikazima spika. Nimechelewa, ndiyo, lakini niliizima.

Mzee akanyamazisha watu. Mimi huku nikaanza kuona pikipiki ya yule jamaa imeegeshwa uani.

"Sikia," akasema. "Sitaki picha tena maisha yangu yote. Walete hao ng'ombe hapa Sola. Nitasimama mlangoni na goti langu, nione kila kichwa kimefika na mwili wake. Na asiwalete mdogo wako. Uwaswage wewe. Kwa miguu."

"Mimi, baba?"

"Wewe ndiye uliyewakata. Mkifika wote, tutapanga siku ya harusi. Usipofika, Maswa kuna mtu anatusalimia kila siku."

Akakata.

Mara ya mwisho kuswaga ng'ombe nilikuwa shule ya msingi, na hata wakati huo waliniswaga wao. Halafu ukaingia ujumbe wa Minza. Nikaogopa kuufungua. Nikaufungua.

"Kaka yangu anakupa viatu vyake vya matairi. Unavaa namba ngapi?"

Nimejibu. Ruhusa ya kazini nimeomba, na pale kwenye sababu nimeandika "kuhakiki nyaraka." Kwa hiyo wikiendi hii, ukiwa njia ya Mwandoya kwenda Sola, ukamkuta mtu wa shati la ofisini anahema nyuma ya kundi la ng'ombe, msalimie kawaida, pita, na kicheko uanze ukishakata kona.