Babra wa Redio na Mfereji Wetu

Jumatatu, 5 Mei
Nimechoka. Mfereji wa huku chini Kyebando umeziba. Mvua moja tu kubwa, maji yatalala kitandani kwa jirani yangu Docus. Wakubwa wa jiji hawatusikii. Kikundi chetu cha akina mama kimeamua tujenge urafiki wa kudumu na Babra, mwandishi wa redio. Kazi nimepewa mimi. Nani mwingine? Hajati Nusura, mwenzetu wa kikundi, akasema mwandishi hupigiwa simu kukiwa na jambo, basi. Masikini! Hajui watu.

Jumanne, 6 Mei
Salamu kwa Babra alfajiri. Mchana tena, na picha ya mwanangu Kidega ndani ya yunifomu ya polisi. Koplo, na bado kijana! Jioni nikamuuliza kama amekula. Akajibu asante mama. Tayari mimi mama! Na hana mume, nimechunguza. Akiwa mkamwana wangu, mfereji utasemwa redioni kila asubuhi.

Alhamisi, 8 Mei
Nikampigia: njoo mbio, kuna habari kubwa. Akaja na boda kutoka Kamwokya, jasho linamtoka. Akakuta kuku wa simsim, yaani ufuta, na Kidega. Akauliza, habari iko wapi? Nikamwonyesha Kidega. Akatoa kinasa sauti. Weee! Kidega akatorokea mlango wa nyuma, paja la kuku mkononi. Polisi hasemi na waandishi bila ruhusa ya mkubwa wake! Mimi, mke wa polisi miaka yote hii, nimesahau vipi? Babra hakula. Akasema mama, niite kukiwa na habari. Na mfereji sikuutaja. Nilikuwa nimeuweka uwe wa baada ya chai.

Jumamosi, 10 Mei
Mvua. Kwa Docus maji magotini, tumebeba watoto mgongoni. Nampigia Babra, hapokei. Napiga tena, hapokei. Hajati Nusura akapiga mara moja tu. Babra huyo, na buti za mpira! Akaniomba radhi kwa adabu: alidhani nimepika tena.

Jumanne, 13 Mei
Redioni Hajati tu, mfereji huu, mfereji ule. Leo tingatinga limekuja kuchimba. Docus amelia kwa furaha, na mimi pia. Lakini jina langu halikutajwa! Salamu zote zile! Hajati akanishauri niwaache watu wafanye kazi yao. Nikakubali. Mgongo unauma, sina nguvu za kubishana.
Ila yule wa televisheni aliyekuja kupiga picha tingatinga, Odyek, mpole, hana pete. Na binti yangu Juliet anasomea uuguzi Mulago, mrembo kama mama yake. Salamu ya kwanza nimeshatuma.