Uyoga Shinani mwa Mchikichi

Jumatatu, 1 Machi 1993, Bariadi

Balaa! Uyoga umeota shinani mwa mchikichi wangu. Mwekundu, mgumu kama kwato. Marehemu mayu, mama yetu, alileta miche miwili kutoka Kigoma: mmoja wangu, mmoja wa dada Domitila, jirani yangu. Bwana shamba Boniventura anataka kipande autambue. Kuna aina inayoozesha michikichi. Ikiwa ndiyo, wangu ung'olewe haraka, usije ukauambukiza wa Domitila kupitia mizizi na udongo. Ung'olewe! Na biashara ndiyo kwanza imekuwa ruksa! Nimeshamwahidi Bibi Wilhelmina wa Mwanza mawese madebe kwa madebe. Mti mmoja, sawa. Lakini soko huria!

Jumatano, 3 Machi

Nimepata akili. Nimechuma uyoga wa kichuguuni, ule wa mboga, nikaufunga kwenye gazeti nikampelekea Boniventura. Nikamwambia, uso mkavu, umetoka shinani kabisa. Ule wenyewe nimeukata kwa panga nikautupa chooni.

Jumamosi, 6 Machi

Safi! Bwana shamba kasema huo hauna neno. Kauchunguza yeye, kisha mkewe Evalina kauchunguza kwa sufuria, na karanga. Wanaomba mwingine. Domitila kanishika mkono, kasema aliogopa kupoteza mti wa mayu, na kwamba mimi ni kaka wa kutegemewa. Ugali ukanishinda.

Jumanne, 9 Machi

Upepo kidogo tu, mchikichi chini! Ndani umeoza, unga mtupu. Boniventura kaona kovu la uyoga shinani, akauliza nani kaukata. Nikasema labda mbuzi. Akauliza mbuzi gani huyo mwenye panga. Kaagiza kisiki kichomwe, udongo usihamishwe hata kiganja. Domitila hakunitukana. Heri angenitukana! Alikwenda kuushika mti wake, akalia. Najuta jamani. Mayu aliipakata ile miche kwenye treni safari nzima.

Alhamisi, 11 Machi

Moyo unaniuma. Lazima nimfute dada machozi. Nimewaza: mti umekufa, basi na ugonjwa umekufa nao. Utakula nini tena? Na ule udongo ulivyo mweusi, laini! Asubuhi hii, Domitila akiwa sokoni, nimeuhamisha wote, toroli kwa toroli, nikaujaza shinani mwa mchikichi wake. Atafurahi huyo! Namwona Boniventura anakuja mbio, kajishika kichwa. Bila shaka kaguswa.