Saa Nane na Nusu Hazitoshi Kufika London

Sironga, Nyamira,
14 Mei 1969

Kwa Bwana Meneja wa Ratiba za Ndege,
Uwanja wa Ndege, Embakasi, Nairobi.

Bwana Meneja,

Natumaini hujambo. Mimi ni mzima wa mwili, ila nimekasirika, na aliyenikasirisha ni wewe.

Binti yangu Mokeira ameitwa London kusomea uuguzi. Mwaka mzima nimemkatalia kwa hoja moja tu: London ni mbali. Hoja hiyo ilisimama imara mpaka dada yangu Persis, karani wa mjini Kisii, alipoleta ratiba yenu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ratiba inadai kwamba kutoka Embakasi hadi London ni mwendo wa saa nane na nusu. Persis ameibandika sebuleni kwangu, juu ya kalenda ya kanisa, akanicheka mbele ya mke wangu: "Omogaka, mzee wetu, sasa tafuta mlima mwingine wa kumzuilia mtoto."

2. Mwezi uliopita nilisafiri kwa basi kutoka hapa hadi Nairobi kwa saa kumi na tisa. Tulikwama matopeni hata kabla ya Keumbu, tukashuka, tukasukuma. Mokeira, kwa hesabu niliyomfundisha mimi mwenyewe, amethibitisha kwamba London ni karibu kuliko Nairobi, ambako kaka yake nilimruhusu. Mimi niliyewanyamazisha machifu wawili barazani, nilitoka nje kwenda kuhesabu kuku!

3. Wamisionari walikuja kwetu kwa meli, wiki baada ya wiki, wakitapika. Ndiyo maana tuliwasikiliza. Nani angemsikiliza mtu aliyekunywa chai kwao asubuhi ileile?

4. Kwetu umbali hupimwa kwa chakula cha njiani. Nairobi ni kuku mmoja na ndizi. London nilikuwa nimeikadiria mbuzi wawili. Ratiba yenu inasema chakula kitatolewa humo humo ndani. Mmemfanya mke wangu asiwe na cha kupika, naye sasa anafuma sweta, yaani amekwisha kukubali.

5. Nimesoma gazetini kwamba kwenda mwezini ni siku tatu. Hiyo ni safari yenye adabu. Mokeira angeomba kwenda mwezini, ningemsikiliza.

Kwa hiyo nadai ratiba isahihishwe, isomeke wiki tatu. Kama mnaona haya kudanganya, basi ndege isimame kila penye soko, ipakie magunia, na abiria washuke kusukuma. Na hilo likiwashinda, isogezeni London mbali zaidi. Nyinyi mnajua ilipo.

Nisalimie marubani wote, wapishi wa angani, na yule mama anayetangaza safari. Mwambie atangaze polepole.

Ni mimi, mwenye haki na asiyechoka kuidai,
Abner Obwocha

Nyongeza. Embakasi, 7 Septemba.

Barua hii nimeileta kwa mkono, kwa kuwa nilikuwa na safari ya kuja huku kumsindikiza mtu. Ndege yake imepaa sasa hivi. Mlio wake bado nausikia. Mama yake amekaa chini na hataki kuinuka.

Bwana Meneja, saa nane na nusu ni nyingi mno. Ile safari ya kumrudisha, mnaweza kuipunguza hadi ngapi?