Ukuta wa Mabingwa na Neno Lililoishia Njiani

Kwako Ndugu Mkurugenzi wa Hospitali,

YAH: NENO "BINGWA" LILILOISHIA KWENYE "BI", NA SABABU ZA MIMI KUTOLIMALIZIA

Barua yako yenye mihuri miwili nimeipata. Unanitaka nifike ndani ya siku saba nimalizie neno nililoliacha kwenye ukuta wa korido yako, kwa kuwa juu ya jina la daktari wako wa mifupa pamesomeka "BI" kwa wiki mbili sasa, na jambo hilo linamvunjia heshima. Nimeambiwa. Mke wangu alipokwenda kunichukulia dawa alimkuta bibi mmoja pale mapokezi akisema, "Nimeelekezwa kwa Bi Daktari wa nyonga," na mlango ukafunguka, akatoka mwanamume wa kilo mia na ushei, ndevu hadi kifuani. Pole zangu zimfikie. Lakini kazi hiyo siifanyi, na sababu zangu nimezipa namba, maana najua hospitalini kwako kisicho na namba hakiitwi.

Utaniwia radhi kwa mwandiko. Mimi ambaye mji mzima wananiita Fundi Herufi, leo naandika kwa mkono wa kushoto, na barua hii imenichukua siku nne.

1. Uliponiita mara ya kwanza, kazi ilikuwa ndogo. Madaktari wanane, mistari minne kila mmoja: jina, alikosomea, alikofanyia kazi, kisha kile kichwa cha habari ulichokitunga mwenyewe, MAMBO YANAYOMVUTIA KITAALUMA. Nilihesabu siku tatu. Zikawa wiki tatu, na kosa si langu. Daktari wa ngozi alipoona kwamba mwenzake wa macho kasomea nchi mbili, alinifuata na karatasi inayosema yeye kasomea nchi tatu. Nilipomwuliza kuhusu hiyo ya tatu, alisema alikaa huko siku nne, ila alipewa cheti. Wa macho akasikia, akaleta vyeti vyake vya semina ndani ya mfuko wa plastiki. Wa ngozi akarudi na vya warsha. Maelezo ya daktari wa ngozi yakatambaa ukutani mpaka yakafika kwenye swichi ya taa, nikalazimika kuizunguka. Leo hii anayetaka kuwasha taa kwenye korido yako anabonyeza katikati ya neno "Shahada".

2. Ningependa kulalamikia pia hilo neno "kuvutiwa". Mimi katika maisha yangu nimevutiwa mara mbili tu, na herufi R na mama watoto wangu, na sijawahi kuyatangaza hayo ukutani. Mabingwa wako wanavutiwa kama watoto dukani. Wa ngozi anavutiwa na madoa ya nadra yanayotokea nyuma ya masikio. Upele wa kawaida, ule ulioleta foleni yote ile kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, haumvutii. Daktari wa watoto naye aliniandikisha "kuogelea na kupiga picha za ndege". Nilimwuliza kwa adabu kama hayo nayo ni ya kitaaluma. Akanijibu, "Andika tu, fundi. Wagonjwa wanapenda kujua kwamba daktari wao ni binadamu."

Nikaandika. Chini yangu, kwenye foleni, alikuwapo mama mmoja aliyebeba mtoto anayetapika. Alisoma yote, kuogelea na ndege na yote, kisha akainua kichwa. "Fundi," akasema, "sisi yanayotuvutia tunaandika ukuta gani?" Nilichovya brashi nikaendelea.

3. Sasa nafika kwenye siku yenyewe, Jumatano. Daktari wako wa mifupa, yule wa nyonga, alikuwa amegundua kwamba daktari wa mabega anaitwa "Bingwa" na yeye anaitwa "Daktari" tu. Alitaka aandikwe BINGWA MWANDAMIZI, juu ya jina, kwa herufi kubwa kuliko jina. Nafasi haikuwapo ila karibu na dari. Nikaiegemeza ngazi, nikapanda, naye akasimama chini akiniongoza kama mtu anayeegesha lori. "Panda, panda. Kushoto kidogo. Kidogo tena." Nilimaliza B. Nilimaliza I. Nilipojinyoosha kuianza N, ngazi ikateleza, nikaja chini na mkebe wangu wa rangi ya buluu, nikaulalia mkono wa kulia. Mkono wa kulia, Ndugu Mkurugenzi, ndio ninaolia chakula na kuandikia.

Nitakwambia ukweli. Nilipokuwa chini pale, wazo langu la kwanza lilikuwa la shukrani. Nilijisemea, kama ni kuanguka, basi pa kuangukia ni hapa, chini ya miguu ya mabingwa wanane.

Wa nyonga aliinama wa kwanza. Nikamwambia, "Daktari, mkono." Akaniminya nyonga. "Hapa panauma?" Nikasema hapana. "Na hapa?" Hapana. Akasimama, akajipangusa rangi kwenye kiatu. "Nyonga iko salama kabisa," akatangaza, na watu wawili watatu kwenye foleni wakashusha pumzi. Nikamwambia tena, mkono. "Mimi ni wa nyonga, fundi. Si umeandika mwenyewe?"

Ni kweli. Nimeandika mwenyewe.

Akaja wa mabega. Huyu anavutiwa na mabega ya wanamichezo, na swali lake la kwanza lilikuwa nacheza mchezo gani. Nilipomwambia nacheza bao, alinipigapiga begani kwa huruma akaenda zake. Akaja wa maumivu, maana mnaye daktari wa maumivu matupu, nami nilikuwa nayo ya kutosha. Akaniuliza nina muda gani nayo. Nikamwambia dakika kumi. Akasema yeye anashughulika na maumivu sugu, yaliyozidi miezi mitatu. "Yakiendelea, usisite kuja," akasema, tena kwa upole, na huo upole wake ndio sijausamehe mpaka leo.

Wakakubaliana wote kwamba ninayemhitaji ni bingwa wa mkono. Bingwa wa mkono alikuwa mkutanoni, ng'ambo, anasoma taarifa ndefu kuhusu mkono. Nikawekwa kwenye benchi, nisubiri atakayejua nipelekwe wapi. Nilikaa saa tatu nikiutazama ukuta. Ukuta ule niliuandika kwa wiki tatu, lakini siku hiyo ndipo nilipousoma. Maelezo yako wewe ni mistari kumi na mmoja. Mstari wa tisa unasema unavutiwa na "huduma bora kwa mgonjwa". Niliusoma mara nyingi, kwa kuwa ndio uliokuwa sambamba na macho yangu.

4. Mtafiti. Nampa namba yake peke yake kwa sababu anastahili. Huyu mama, yuko ghorofa ya pili na kompyuta zake, anavutiwa kitaaluma na watu wanaoanguka kutoka kwenye ngazi wakiwa kazini. Nilikuwa sijamaliza kusikia "fundi kaanguka" inapita korido, na yeye kashafika, anahema, kashika dodoso la maswali arobaini na mawili. Sijawahi kupokewa kwa furaha namna ile, hata nilipooa. Alichuchumaa mbele ya benchi. "Ulipokuwa hewani ulihisi nini? Hofu, mshangao, au majuto?" Nikamwambia, mama, mkono wangu. "Mkono upo swali la thelathini na nane," akanijibu, "tutaufikia tu."

Tulifika la ishirini na sita. Hapo akatoa futi, akaenda kuipima ngazi. Aliipima ngazi kabla mtu yeyote hospitalini humo hajanipima mimi. Akarudi amenyong'onyea. Utafiti wake ni wa walioanguka kutoka mita mbili kwenda juu, nami kwa hesabu yake nilianguka kutoka mita moja na sentimeta themanini. "Pole sana," akasema, "hukufikia kigezo." Nikajikuta namwomba radhi. Nimevunjika mkono, nimekaa kwenye benchi, na ninamwomba mtu radhi kwa kuanguka kidogo.

5. Aliyeniona ni mama wa chumba cha plasta, kule mwisho wa korido mnakofunga mifupa iliyovunjika. Alikuwa anapita na ndoo yake ya maji. Hakuniuliza navutiwa na nini wala nacheza nini. Alisimama, akaitua ndoo, akaninyanyua vidole viwili. "Baba, vidole vyako vina baridi. Tangu saa ngapi?" Nikamwambia tangu saa nne. Alitoa neno ambalo siwezi kuliandika kwa mtu wa cheo chako. Akaenda kumtoa tabibu mmoja kijana kwenye chumba cha sindano, akimvuta kwa mkono wa koti, na wote wawili wakanipeleka eksirei wakinisukuma kwa kiti ambacho gurudumu lake moja halizunguki.

Mfupa ulikuwa umekaa vibaya, umebana mshipa wa damu. Tabibu alishika kiwiko, mama akashika kifundo cha mkono. Akaniambia nihesabu watoto wangu kwa majina, kwa sauti. Nilipofika wa pili, akavuta. Wa tatu nilimtaja kwa ukelele uliosikika mapokezi. Kisha nikahisi vidole vinapata joto, kimoja kimoja, kuanzia gumba, nikalia, na si kwa maumivu. Baadaye tabibu aliniambia kwamba ningekaa kwenye benchi lile mpaka jioni, leo tungekuwa tunaongea mambo mengine.

Nilimwuliza yule mama amesomea wapi. Akacheka. "Hapahapa. Miaka ishirini na miwili." Ukutani kwako hayupo, wala tabibu hayupo. Nilipokuuliza mwanzoni kama na wao waandikwe, ulisema nafasi haitoshi. Ndugu Mkurugenzi, kuogelea kulipata nafasi.

Kutokana na hayo, naomba kwa unyenyekevu mambo yafuatayo yatekelezwe, la kwanza likishindikana ufuate la pili, na kuendelea.

Kwanza, ukuta wote upakwe chokaa, ibaki sentensi moja: "Ingia, utatazamwa." Kama mabingwa hawatakubali, basi sisi wagonjwa tupewe mwongozo mapema. Pawekwe tangazo langoni: Jumatatu na Jumanne watu waangukie nyonga, Jumatano waangukie bega, kwa wenye kadi ya klabu ya michezo tu, na mkono usivunjwe mpaka mwenye mkono arudi kutoka mkutanoni. Anayetaka kuumwa na aanze miezi mitatu kabla. Ngazi zote mjini ziongezwe sentimeta ishirini, tusiendelee kumvunja moyo mtafiti. Na kama hata hilo ni gumu, naomba rasmi, kwa niaba ya mwili wangu, tugawanywe: nyonga yangu iletwe kwako peke yake, kwa kuwa ndiyo pekee iliyothibitishwa kuwa salama, na sisi wengine tuliobaki tutakwenda kwa mama wa plasta.

Kuhusu "BI", mwache daktari awe Bi. Wagonjwa wanasema tangu aitwe hivyo amekuwa akisalimia.

Nawasalimu wote: mlinzi wa getini aliyeniokotea brashi yangu, akina dada wa dirisha la dawa, yule mama wa mtoto aliyekuwa anatapika, ukimwona, na daktari wa watoto, ambaye naamini ndege wake hawajambo. Tabibu mwambie vidole vyote vitano vinasalimia.

Wako asiyevutiwa na chochote kwa sasa,

Fundi wa Maandishi

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua. Binti yetu mkubwa, aliyemaliza udaktari mwaka juzi, amepiga simu mchana huu. Amepata nafasi ya kusomea ubingwa, tena ubingwa bobezi, wa sikio la ndani kwa watoto wachanga waliozaliwa kabla ya wakati. Ni sikio la kushoto na la kulia yote mawili, nimemwuliza. Mama yake amekaa sakafuni analia, majirani wamejaa sebuleni, na kila anayeingia namwelezea hilo sikio upya.

Kwa hiyo ile habari ya chokaa naomba uisimamishe kwanza. Akimaliza masomo nitamshauri aombe kazi kwako, na ningeshukuru kama ile sehemu ya katikati, inayotazamana na mlango, isipewe mtu mwingine. Mistari tisa itamtosha, au kumi, kwa sababu anavutiwa na mambo mengi huyu mtoto, na zaidi ya hayo anapenda kusuka na kusoma, na wagonjwa wanapenda kujua. Kuandika nitaandika mwenyewe, mkono wowote utakaokuwa mzima. Mama yake anapendekeza rangi ya dhahabu. Mimi si mtu wa makuu, unanijua, lakini dhahabu inasomeka hata ukiwa barabarani.