Dola Yenye Mwaka Ubavuni

Jumatatu, 1 Machi 1954
Nimegundua mali! Miaka yote ilikuwa shingoni mwa Shangazi Sichana, na mie, mtu niliyefika Bombay (karibu na Bombay, meli iligeuza), siioni. Dola ya fedha ya ng'ambo, ya ukumbusho wa reli. Upande huu gari moshi, upande ule mwanamke kavaa taji. Mwaka haupo popote. Zahor, karani wa bandarini, mwenye miwani na kiburi sawasawa, kasema sarafu isiyo na mwaka ni kifungo cha koti. Hasidi!

Yupo Mzungu hotelini Shangani, anakusanya sarafu. Nikaenda na Zahor anitafsirie. Kiingereza changu kizuri, ila kina haya. Mzungu kasema dola za namna hiyo mwaka wake huchongwa ubavuni, kwenye ukingo. Ukisomeka, shilingi mia mbili. Usiposomeka, haitaki. Anasafiri Alhamisi.

Mia kwa paa la Shangazi, linavuja tangu masika ya juzi. Mia kwangu, ujira wa akili.

Jumanne, 2 Machi
Nimemwambia Shangazi sikio la dola, pale unapopita mkufu, limelegea, nalipeleka kwa sonara. Uongo mwembamba. Kaivua bila swali. Yeye ndiye aliyenilea mama alipokufa. Kanambia niitunze, maana aliyemvisha ni marehemu Makungu, mumewe, baharia, safari moja kabla ya ile asiyorudi. Moyo ukaniuma. Kanipa muhogo wa nazi, ukatulia.

Mwaka upo! Lakini umefifia ajabu, kama mtu kausugua kwa makusudi. Naona moja, tena tisa, tena ukungu. Sonara kasema tusiuguse. Woga wa sonara! Nikaazima tupa kwa fundi baiskeli. Nia yangu kuondoa tabaka la juu, namba zitokeze.

Tabaka limetoka. Namba nazo. Ukingo unang'aa kama kipara cha Zahor.

Jumatano, 3 Machi
Sikulala, lakini nimeamka na jawabu. Mwaka nitauchonga upya. Mwaka gani? Mie si mjinga. Riale zote za fedha nilizoziona Unguja, za bibi zetu, za Waarabu, zina 1780. Hata iliyopigwa juzi imeandikwa 1780, maana zamani watu hawakupokea nyingine. Basi huo ndio mwaka wa fedha njema!

Mchonga mihuri wa Darajani kaniuliza kama nna hakika. Nikamwambia yeye achonge, kusoma aniachie mie. Kazi nzuri mno. Jioni nimekwenda kuulizia bei ya mabati.

Alhamisi, 4 Machi
Siku ya laana. Mzungu kaweka kioo jichoni, kageuza dola, kacheka mpaka kioo kikaanguka. Zahor naye akacheka kabla ya kutafsiri!

"Gharib ndugu yangu," kanambia, "mwaka huo gari moshi lilikuwa bado birika la chai."

Mzungu kanipa biskuti. Meli imeondoka naye. Sasa kila baraza nikipita wananipigia king'ora: puuu! Zahor ndiye kawafundisha.

Ijumaa, 5 Machi
Baada ya sala nimerudisha amana. Shikamoo, Shangazi. Marahaba, mwanangu. Kaishika, na kidole gumba kikaenda ukingoni chenyewe. Kikasimama. Kikazunguka dola nzima. Kikarudi.

Kauliza zile namba ziko wapi. Nikajibu namba zipo, mpya, bora zaidi. Kasema hajui kusoma, lakini Makungu kamshika kidole akampitisha hapo: moja, tisa, mbili, moja. Mwaka waliooana. Kila usiku, miaka yote hii, kidole chake kinapita hapo kabla hajalala. Ndiyo maandishi pekee anayoyajua.

Kumbe ndiye aliyeusugua.

Nikataka kumwambia habari ya paa. Badala yake nikavaa ndara, nikaondoka.

Jumamosi, 6 Machi
Nimempelekea samaki, changu, mnene. Shikamoo, Shangazi. Kimya. Nikadhani hakusikia. Shikamoo! Ungo tu, anapepeta mchele. Tangu nizaliwe hajaacha kuniitikia, hata mwaka nilipouza mbuzi wake. Nimemwacha changu mlangoni. Paka kala.

Jumapili, 7 Machi
Tabia, jirani yake, kaniletea kitambaa kimefungwa fundo. Ndani, dola. Salamu zake: hii ya Gharib, yangu ilikuwa nyingine.

Nimelia, wallahi. Kitambaa chote kimelowa. Sijaonewa hivi tangu Bombay.

Kisha nikajifuta. Maana mtu ukiitazama vizuri, dola sasa yangu, halali, kwa shahidi. Na Jumanne inaingia meli nyingine, imejaa Wazungu. Kosa langu lilikuwa moja tu: nimekosea kwa miaka mia. Mchonga mihuri kaukagua ukingo, kasema hiyo saba akiijaza atapata nane, na nane anaijua kuichonga. Itakuwa 1880. Kesho asubuhi naipeleka, na safari hii paa la Shangazi nalifunika lote.