Mimi Ndiye Mtu wa Mjini

Jumatatu, 3 Juni 2024
Miaka kumi na miwili niko Kahama, na leo William, fundi pikipiki, kaniita "wa kuja" mbele ya watu. Wa kuja! Yeye mwenyewe alishuka hapa na begi moja kutoka Ushirombo. Ni wivu tu. Jumapili mtaa unachagua mwenyekiti wa kamati ya misiba, ndiye hushika kipaza sauti. Jirani yetu Mama Asteria kasema wanataka mtu wa mjini hasa. Nani zaidi yangu mimi Mabula? Nimepiga marufuku Kisukuma humu ndani. Mke wangu Salome akauliza kama na ndoto zimo. 

Jumatano, 5 Juni
Balaa! Mama yangu katua kutoka kijijini Didia bila taarifa, gunia la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kichwani. Amekuja kutibiwa magoti. Alipofika dukani kwa Masele akasalimu kwa Kisukuma, sauti juu: "Mwangaluka!" Mtaa mzima ukaitikia. Hata William! Nilitamani ardhi ipasuke. Masele akauliza bibi huyu ni nani. Nikasema ni mpangaji wangu, muuza michembe, nimempa chumba cha uani kwa huruma. Mama alikuwa nyuma yangu.  Nadhani hakusikia, masikio nayo yamezeeka.

Alhamisi, 6 Juni
Msiba kwa Mama Asteria, kafiwa na kaka yake. Mtu wa mjini hashiki jembe makaburini. Nilivaa miwani ya jua, nikatoa pole, nikarudi kulala. Mama, na magoti yale, kashinda huko akipepeta mchele, na analala huko huko na wafiwa. Salome anasema walimuuliza yeye ni wa nani. Akajibu ni mpangaji tu wa Mabula.

Kumbe alisikia. Imeniuma, naandika humu tu. Lakini na yeye angebisha hodi kwa simu kwanza.

Jumapili, 9 Juni
Uchaguzi. Nilipiga suti. Nikawafafanulia maana ya mtu wa mjini: si kulima, si kuchunga, ni ustaarabu. Nikamalizia kwa sauti kwamba mimi kijijini sina shamba, sina ng'ombe, sina mtu. 

Mama Asteria akainuka. Akasema wao humwita mtu wa mjini yule ambaye kwenye msiba hatafutwi, maana yupo tayari. Akauliza yuko wapi yule bibi mpangaji, wamfanye japo mjumbe wa kamati. Nikaenda kumwita. Chumba kitupu! William alishampeleka stendi kwa pikipiki alfajiri, na Salome, niliyedhani yuko sokoni, kapanda naye basi. Hakuna aliyeniaga.

William kashinda. Mimi nilipata kura moja, nayo niliipiga mwenyewe. Nimekula ugali wa jana, peke yangu. Mahasidi wakubwa.

Jumatatu, 10 Juni
Salome kapiga simu toka Didia. Magoti ya mama yamevimba, hawezi kusimama. Nikasema niko kwenye mambo muhimu, nitaangalia. Nikauliza mama anasemaje.  Akasema mama anamsalimu baba mwenye nyumba.

Nikajifuta macho. Vumbi la Kahama hili.

Lakini nikifikiri vizuri, baba mwenye nyumba! William hajawahi kuitwa hivyo. Hata Didia sasa wanajua mtu wa mjini ni nani. Kesho namwambia Masele.