Sufuria ya Wifi na Yoti ya Watu Wanane

Jumatatu, 11 Februari

Nimemwambia Mungu kwanza, sasa naandika. Kerlyn anakuja Alhamisi. Binti yangu wa pekee, miaka sita yuko Toronto, sijamshika. Anakuja na mchumba wake Callum, na mama yake Callum, Bi Marjorie. Wamesema wanakuja kunisalimu. Kumbe wanakuja kuamua. Arusi ifungwe hapa kisiwani Carriacou, kanisani kwetu kijijini L'Esterre, au kule kwenye ukumbi wa klabu ya Bi Marjorie. Ukumbi unasubiri jibu Jumatatu ijayo. Ikifungwa kule, mimi arusi ya mwanangu nitaiona kwenye simu, na simu yenyewe kioo kimepasuka.

Tatizo ni mdomo wangu. Mwezi jana Bi Marjorie alinipigia, akanieleza habari za boti yao ya ziwani. Nikajisikia nasema na sisi hutoka na yoti. Kila Jumamosi. Sisi wenyewe tu, faragha, tunavaa miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia tunaangalia samaki. Maneno yale sijui yalitoka wapi. Mimi kazi yangu ni kufua mashuka ya hizo yoti, hizo boti za starehe za matajiri. Ndani ya yoti ninachokijua ni kabati la mashuka.

Kwa hiyo yoti ni lazima.

Nimemfuata Kapteni Alston kule bandarini Tyrrel Bay, na mashuka yake nimeyapiga pasi mara mbili. Yoti ni ya Mfaransa, yeye anaiendesha tu. Jumamosi hii wageni wameshaondoka na wengine hawajafika. Nikamwambia nitamfulia msimu mzima bure. Akakuna kidevu. Akasema haya Dosia, lakini ni watu wanane pamoja na mimi, wa tisa simtaki. Na jikoni mwangu hakupikwi kitu. Mara ya mwisho mtu alikaanga samaki mle, tajiri akanusa baada ya miezi miwili. Nikamwambia wanane wa nini, sisi tuko wanne. Faragha.

Wifi yangu Orinthia hatajua. Huyu ni dada wa marehemu mume wangu, tumepakana ua. Ana hadithi moja juu yangu na huimwaga kila akiona mgeni: kwamba Kerlyn alipokuwa anaondoka nilimficha pasipoti kwenye kopo la unga. Ni kweli nilificha. Siku mbili tu. Lakini Bi Marjorie akisikia, nani ataleta arusi kwa mwendawazimu?

Jumanne, 12 Februari

Leo mazoezi. Nina miaka hamsini na minane, nimezaliwa hatua mia kutoka baharini, na uso wangu haujawahi kuingia majini. Kwetu wanawake wa rika langu tunaingia mpaka kifuani, tunaongea, tunatoka. Lakini nimeshasema kila Jumamosi.

Kapteni ameniazima miwani na mrija. Nikajaza beseni kubwa la kufulia, nikapiga magoti nyuma ya nyumba, nikazamisha uso. Giza. Pumzi inapiga kelele kama punda. Nikahesabu mpaka tisa. Nikaona vizuri sana kifungo cha shati la Mfaransa kilichopotea tangu Krismasi.

Hapo ndipo Orinthia alipochungulia. Akaona mjane wa kaka yake kainamia beseni, kichwa ndani, hatikisiki. Aliruka ua. Mwanamke ana magoti mabovu, aliruka ua. Akanivuta kwa kilemba huku analia kwamba kwa nini, Dosia, kwa nini, si ungeniambia.

Nikamwambia ni dawa ya kifua. Akauliza na mrija? Nikasema mrija ndio dawa yenyewe.

Sikufikiri. Mpaka saa kumi jioni L'Esterre nzima ilikuwa na habari za kifua changu. Nimeletewa majani ya aina tatu ya kuchemsha, mafuta ya kusugua, na Shemasi Gideon amekuja kuniwekea mikono. Nimekohoa kidogo mbele yake, kwa adabu.

Jumatano, 13 Februari

Chakula. Bi Marjorie huenda amezoea mikate yenye tango. Mimi nitamtolea shelisheli la sufuria, lililopikwa na tui mpaka tui likauke libaki mafuta, na mkia wa nguruwe wa chumvi chini, na majani ya magimbi juu. Akila hicho atafunga arusi hapa, na ubatizo wa wajukuu juu yake.

Nitapika alfajiri ufukweni, karibu na gati, mbali na pua ya Orinthia.

Mshelisheli wangu hauna tunda. Nikafanya kwa akili. Nisiombe kila kitu kwa mtu mmoja, maana ataunganisha. Nimeomba mashelisheli kwa Shemasi Gideon. Mkia wa nguruwe kwa Bi Ismay wa dukani. Nazi kwa dada zake Ismay, kila mmoja kwa wakati wake. Binzari kwa fundi wa boti, majani kwa mama yake fundi. Kila mtu nimemwambia ni kitu kidogo cha Jumamosi, na asimwambie mtu.

Hakuna aliyetaka malipo. Watu wema sana. Waliuliza saa ngapi tu. Nikajibu saa moja asubuhi, pale gatini. Mtu akikuuliza saa utamnyima?

Kwa Orinthia sikuomba hata chumvi. Namjua. Desturi yetu ni kwamba aliyetia kitu kwenye sufuria ana bakuli lake, hata kama alitia pilipili moja, na Orinthia kwa desturi hiyo hana aibu. Ukimwomba kitunguu anakuja na kijiko. Wengine hawana tabia hiyo.

Alhamisi, 14 Februari

Wamefika na feri ya mchana. Kerlyn amekonda. Nimemshika gatini mpaka mabaharia wakatuomba tusogee, tumeziba njia ya mizigo. Callum ananiita Mama Dosia, kijana mpole, pua imeshababuka. Bi Marjorie ana kofia pana na sauti ndogo. Kafika tu, kauliza kama anaweza kusaidia kuosha vyombo. Nimeogopa sana. Mtu wa namna hiyo huwezi kujua anawaza nini.

Orinthia kaja na keki, hakualikwa, kakaa saa mbili. Akamtazama Bi Marjorie, akanitazama mimi, akatazama rafu yenye kopo la unga. Akasema, Dosia huyu unavyomwona, anaweza kutunza kitu. Nikamkatia kipande kikubwa cha keki yake mwenyewe ili mdomo uwe na kazi.

Akauliza Jumamosi mna mpango gani. Nikasema tunakwenda kusali mahali patulivu. Akasema vizuri, na yeye anahitaji kusali.

Baadaye Kerlyn alinifuata jikoni. "Mama, niambie ukweli. Yoti ya nani?"

Nikasema ya rafiki wa familia.

"Rafiki gani huyo?"

Nikasema tunafahamiana sana, mpaka mashuka yake nayajua. Akafunga macho kidogo. Kisha akaniambia mwenyewe angependa arusi iwe hapa, lakini hataki kumlazimisha Bi Marjorie, maana ni mjane kama mimi na Callum ni wa pekee kama yeye. Kwa hiyo mama, tafadhali, Jumamosi usifanye mambo.

Mambo gani? Mimi nina safari tu.

Ijumaa, 15 Februari

Sina sufuria. Yaani ninazo, lakini shelisheli halikubali sufuria ndogo, linakasirika. Sufuria kubwa ya chuma iko kwa Orinthia. Ilikuwa ya mama mkwe wangu, mama yake Orinthia. Mama mkwe alikuwa na watoto wawili, mmoja wao mume wangu, kwa hiyo sufuria nusu ni yangu.

Orinthia akiwa kwenye mazoezi ya kwaya niliingia jikoni kwake, nikaitoa, nikaiweka kwenye mkokoteni wangu wa nguo, nikaifunika mashuka. Njiani nikakutana na kwaya nzima imeshatoka. Orinthia akauliza, "Wifi, mashuka gani hayo yanalia kengele?" Nikamwambia ya Mfaransa, yana vifungo vingi. Akanisaidia kusukuma mpaka penye mteremko. Alisukuma sufuria yake mwenyewe. Nilipata hofu, lakini pia nilipata raha, Mungu anisamehe.

Na isitoshe sufuria si chakula. Haihesabiki.

Jumamosi, 16 Februari

Nimewasha moto saa kumi na moja alfajiri. Saa moja kasorobo sufuria imefunikwa, inanukia vizuri, bahari imelala. Yoti nyeupe inakuja gatini. Kerlyn, Callum na Bi Marjorie wanashuka kwenye gari. Nikasema moyoni, Dosia, leo umeweza.

Nikageuka. Watu kumi na tisa.

Shemasi Gideon na mkewe, Shemasi kavaa kaptura ya kuogelea ya tangu ujana, imefungwa kamba. Bi Ismay na dada zake. Fundi wa boti, mama yake fundi, watoto, shangazi za watoto. Kila mmoja ana bakuli na kijiko. Mbele yao Orinthia, kaketi kwenye kiti alichokuja nacho.

"Wifi," akasema, "sufuria yangu imetembea."

Nikasema imetoka kupunga upepo.

"Basi na mimi nimeifuata. Si ilikuwa tunasali?"

Ningewaambiaje waondoke? Majani yao yamo ndani. Nazi zao zimo ndani. Kapteni Alston akaangalia umati, akaniangalia, akasema polepole, "Dosia. Wanane." Bi Marjorie akawahesabu watu kwa kidole, akauliza kama hawa wote ni mabaharia. Nikaona ukumbi wa klabu unafungua milango.

Orinthia akamjibu kabla yangu. Sisi ni familia, mama, panda usikae juani.

Basi yoti ikachukua wanane: sisi wanne, Kapteni, Orinthia, Ismay na Shemasi. Wengine wakaingia kwenye boti mbili za uvuvi zilizokuwa pale, pamoja na sufuria, kwa sababu Kapteni hakuiruhusu hata ikanyage sitaha. Tukaenda Kisiwa cha Mchanga. Yoti ilibidi iende taratibu, tusiipoteze sufuria. Kila mara mtu anasimama nyuma ya yoti anapiga kelele, mfuniko upo? Na kule wanajibu upo. Bi Marjorie akaniuliza kama kila Jumamosi huwa hivi. Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimechoka kutunga.

Tulipofika Kerlyn akanivalisha miwani. Akasema mama, huwezi, sivyo? Nikasema kila Jumamosi. Akanishika mkono. Nikazamisha uso.

Si kama beseni. Kulikuwa na samaki wa buluu anatafuna jiwe, meno yanasikika. Kulikuwa na mwanga unacheza mchangani. Halafu nikaona miguu ya Kerlyn, na kovu la goti alipoanguka kwenye mpera akiwa na miaka saba, na mimi ndiye niliyemfunga kitambaa. Nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kulia ndani ya miwani. Inajaa kutoka ndani. Ilibidi Kerlyn anitoe.

Nilipopandisha kichwa nikamsikia Orinthia ufukweni, sauti yake haihitaji boti. "... kwenye kopo la unga, Bi Marjorie! Na mtoto ana tiketi mkononi!"

Nikatoka majini na mrija bado uko mdomoni. Bi Marjorie alikuwa ameinama. Anatazama mchanga. Kisha akasema, kwa ile sauti ndogo, kwamba Callum alipohama nyumbani, yeye alificha viatu vyake vya theluji. Vyote viwili. Viko chini ya kitanda chake mpaka leo, na Callum alinunua vingine. Callum akageuka kama aliyepigwa kofi. Orinthia akasimama, akampa kiti chake. Tangu niolewe katika familia ile sijawahi kuona.

Sufuria ikafunguliwa. Bi Marjorie akaomba kidogo. Shemasi Gideon akaona haya, lakini desturi ni desturi, akamweleza kwamba anayekula ni aliyetia kitu. Nilitaka ardhi inimeze. Bi Marjorie akafungua mkoba wake, akatafuta, akatafuta, akatoa kipakiti cha pilipili manga alichopewa kwenye ndege. Akakipasua, akanyunyiza juu.

Watu wote wakamtazama Shemasi. Shemasi akaonja. Akasema inahesabika.

Alikula mabakuli matatu.

Jumapili, 17 Februari

Baada ya ibada Bi Marjorie amemwomba mchungaji amwonyeshe kanisa, akapima njia ya katikati kwa hatua zake. Ukumbi ataukataa kesho. Arusi itakuwa hapa, mwezi wa Desemba. Amesema ameshatia kitu kwenye sufuria, sasa ataendaje kwingine. Kerlyn amenikumbatia kwa nguvu mpaka kilemba kimeanguka.

Nimekaa nikafikiri sana ni kitu gani hasa kilichomvuta Bi Marjorie. Ni ule utulivu wa yoti. Faragha. Watu wa kwao hupenda faragha, na bila wale waliokuja na mabakuli angeamua mapema zaidi.

Kwa hiyo arusi itakuwa ndogo. Watu thelathini. Orinthia nitamwambia siku yenyewe, mchana. Matunda ya keki lazima yalowekwe kwenye mvinyo mapema, nimeanza kukusanya. Zabibu nimeomba kwa mkewe Shemasi, mvinyo kwa mama yake fundi. Kila mtu nimemwambia asimwambie mtu.

Wanaondoka Jumanne. Kerlyn anatafuta pasipoti yake tangu asubuhi. Nimemwambia aangalie chini ya godoro.

Unga wa keki nimeona niombe kwa Ismay. Wangu sitaki kuufungua kwa sasa. Ismay hakutaka malipo. Ameuliza saa ngapi tu.